Kipima sukari hakioni sukari, kinahesabu elektroni

Mtu anajitoboa kidole na kupata 7.8. Anarudia papo hapo kwenye kidole kingine, anapata 8.6. Anaazima kipima sukari cha ndugu yake, nacho kinamwandikia 148. Maneno huanzia hapo: mashine imekufa, stripu, vile vibanzi vya kupokelea damu vinavyochomekwa kwenye mashine, ni za bandia, damu ya mkono huu si sawa na ya mkono ule. Kisha Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikautahadharisha umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Swali likazidi kukua: ikiwa saa inaweza kusoma mapigo ya moyo, sukari ina ugumu gani?

Majibu ya haya yote yana mzizi mmoja. Kipima sukari hakijawahi kuona sukari. Kinachokiona ni umeme mdogo sana, na kazi yote ya kemia iliyomo ndani ya stripu ni kuhakikisha kwamba umeme huo umetoka kwenye sukari na si kwingine. Ukilishika hilo, namba inayokushangaza haikulazimishi tena kukilaumu kifaa. Unauliza: elektroni hizi, vile vipande vidogo kabisa vinavyobeba umeme, zimetoka wapi, na ni zipi zilizozuiwa njiani?

Tuyaweke sawa majina kwanza. Kihisi cha kibayolojia ni kifaa chenye sehemu mbili zilizoungana. Ya kwanza ni kitambuzi kilichochukuliwa kwenye uhai wenyewe, kama kimeng'enya (protini inayochochea mmenyuko wa kemikali), kingamwili au uzi mfupi wa DNA, ambacho huchagua molekuli moja katikati ya maelfu. Ya pili hugeuza utambuzi huo kuwa ishara inayosomeka. Ishara ikiwa ni mkondo wa umeme unaotokana na mmenyuko wa kemikali, hicho ni kihisi cha elektrokemia. Vipimo vingi vya haraka vya mimba au malaria vinavyotoa mstari wa rangi havimo katika kundi hili, kwa sababu vinasomwa kwa jicho na havina umeme wowote.

Na "molekuli ndogo" ni ndogo kiasi gani? Glukosi, yaani sukari ya damu, ina uzito wa 180 kwenye kipimo ambacho albumini, protini ya kawaida ya damu, ina takriban 66,000. Kundi hilo dogo lina lakteti, asidi ya yuriki, kreatinini, kolesteroli, homoni kama kotisoli, na dawa nyingi tunazomeza. Udogo huo unaleta taabu yake, tutaifikia.

Mchukuzi wa elektroni

Glukosi inaweza kuachia elektroni mbili, lakini haiziachii ovyo. Ukiitia kwenye maji, ukachovya vijiti viwili vya kaboni na kuweka volti ndogo, hakuna cha maana kitakachotokea. Anahitajika mshawishi, naye ni kimeng'enya. Kinachojulikana zaidi ni glukosi oksidesi, ambacho kwa kawaida huvunwa kutoka kwa kuvu aitwaye Aspergillus niger. Hiki huikamata glukosi, huinyang'anya elektroni mbili, na kuiacha ikiwa kitu kingine kabisa.

Tatizo ni kwamba elektroni hizo hubaki katika kiini cha kimeng'enya, na kiini hicho kimefunikwa na tabaka nene la protini. Elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, iko nje na haikifikii. Mwaka 1962 watafiti Leland Clark na Champ Lyons walilikwepa tatizo hili kwa kutumia oksijeni: kimeng'enya kinaikabidhi oksijeni elektroni zake, kwa hiyo ukipima jinsi oksijeni inavyopungua, umejua sukari ni kiasi gani. Oksijeni iliyopokea elektroni hugeuka haidrojeni peroksaidi, na wengine baadaye wakaamua kuipima hiyo badala ya oksijeni. Njia hiyo inafanya kazi hadi leo, ila kuisoma peroksaidi kwenye platini kunahitaji volti 0.6 hivi. Kwa nguvu hiyo hata vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli zilizomo kwenye damu huachia elektroni zake. Juu ya hayo, oksijeni yenyewe ni haba kwenye damu kuliko sukari.

Ufumbuzi uliozaa stripu za nyumbani ulikuja mwaka 1984, ilipoonyeshwa kwamba ferosini, kiwanja kidogo chenye chuma, kinaweza kuishika nafasi ya oksijeni. Mwaka 1987 kipimo cha umbo la kalamu kilichotumia wazo hilo, ExacTech, kikaingia sokoni. Fikiria ghala lenye mlango mwembamba: mwenye ghala hatoki, na gari haliingii. Panahitajika mchukuzi mwembamba, aingie, abebe mzigo hadi garini, arudi mikono mitupu kuchukua mwingine. Ferosini, ferisianidi na michanganyiko ya osmiamu ndio wachukuzi hao. Kwa kuwa wanaikabidhi elektrodi mzigo kwa volti ndogo, mara nyingi kati ya 0.2 na 0.4, vitu vingi vinavyoingilia kipimo hubaki vimelala.

Stripu ikifunguliwa

Ichane stripu taratibu kwa wembe na utakuta tabaka. Chini kabisa kuna plastiki ngumu. Juu yake zimechapwa njia za umeme, ama kwa wino wa kaboni ama kwa utando mwembamba wa dhahabu au paladiamu. Kuna elektrodi ya kazi, ambako elektroni hukusanywa. Kuna elektrodi rejea. Na mara nyingi kuna ya tatu, inayotambua kwamba damu imejaa. Rejea ndiyo inayosahaulika katika maelezo mengi. Huwezi kutaja urefu wa mlima bila kusema umeanza kupima wapi, ndiyo maana tunaanzia usawa wa bahari. Volti nazo hazina maana bila mahali pa kuanzia, na rejea, kwa kawaida ya fedha na kloridi ya fedha, ndiyo usawa wa bahari wa stripu.

Juu ya elektrodi ya kazi kuna doa kavu lenye kimeng'enya, mchukuzi, chumvi za kushikilia kiwango cha asidi, na kemikali za kulisaidia doa liloane upesi. Kisha kuna gundi nyembamba iliyokatwa mfereji katikati, halafu kifuniko kinachopenda maji, na tundu dogo la kutolea hewa. Mfereji huo ndio unaoivuta damu wenyewe, kama utambi unavyovuta mafuta. Kwa sababu hiyo damu haidondoshewi juu ya stripu: mdomo wa stripu unagusishwa kwenye tone, nayo inajinywea. Ukiikandamiza stripu kwenye ngozi, unauziba mdomo, mfereji haujai, na mashine inatoa alama ya kosa.

Mfereji wa stripu za kisasa hubeba kati ya maikrolita 0.3 na 1, maikrolita moja ikiwa sehemu ya milioni ya lita. Tuchukue 0.5, na damu yenye sukari ya milimoli 5 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Hapo pana nanomoli 2.5 za glukosi, ambazo uzito wake ni maikrogramu 0.45. Kila molekuli ikitoa elektroni mbili, chaji yote ni maikrokulombi 480 hivi. Ikitoka yote kwa sekunde tano, wastani ni maikroampea 96. Mashine nyingi hazisubiri sukari yote iishe, kwa hiyo husoma chini ya hapo. Hicho ndicho kitu kizima ambacho namba yako inategemea.

Damu inapoifikia elektrodi ya kujaa, saa ya ndani inaanza kuhesabu. Mashine husubiri kidogo doa liyeyuke, kisha huweka volti yake. Mkondo hupanda ghafla, halafu hushuka, haraka mwanzoni na polepole baadaye. Wachukuzi waliokuwa karibu na elektrodi wamekwisha kabidhi mizigo yao, na sasa wanasubiriwa wa mbali, kama ukumbi unavyomwaga watu: waliokaa mlangoni hutoka mara moja, wa nyuma huja kwa foleni. Mashine husoma mkondo kwa wakati uliopangwa, hulinganisha na jedwali lililowekwa kiwandani, hurekebisha kwa joto, na kuandika namba. Joto hilo hupimwa na mashine yenyewe ndani ya mwili wake, si kwenye damu. Ndiyo maana mashine iliyotoka kwenye ubaridi au kwenye gari lililopigwa jua inatakiwa ipumzike nusu saa hivi kabla ya kutumika.

Pale namba inapopotoka

Rudi kwenye maikrogramu 0.45. Hata tone lililo kidoleni likiwa mara nne ya kile kinachoingia kwenye stripu, glukosi yake yote haifiki maikrogramu mbili. Mtu aliyemenya tunda lililoiva anabeba kidoleni kiasi kinachoweza kuizidi hiyo mara nyingi bila kuona wala kuhisi chochote. Kati ya makosa yote ya nyumbani, hili naliona baya kuliko mengine, kwa sababu linazaa namba kubwa inayoaminika, na namba kubwa humpeleka mtu kwenye insulini. Kufuta kwa spiriti hakutoshi kuitegemea. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa kwa sababu maji yaliyobaki huchuja damu, kisha tone la kwanza linafaa. Kama maji hayapo, futa tone la kwanza na utumie la pili. Usikikamue kidole kwa nguvu, kwani utachanganya damu na majimaji ya nyama.

Hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya. Sukari ya mezani si glukosi. Ni sukrosi, ambayo ni glukosi na fruktosi zilizofungwa pamoja, na kimeng'enya cha stripu hakiitambui ikiwa hivyo. Matunda na asali zina glukosi iliyo huru. Kwa hiyo anayeijaribu mashine yake kwa maji yaliyokorogwa sukari ya mezani hapati jibu lolote la maana. Kuna kimiminika maalumu cha majaribio, chenye glukosi inayojulikana, kinachotengenezwa kwa ajili ya aina ya stripu unayotumia. Kitumie unapofungua kichupa kipya, mashine ikianguka, au namba zinapogombana na jinsi unavyojisikia.

Baada ya vidole, damu yenyewe. Chembe nyekundu zinachukua nafasi na kuwafungia njia wachukuzi. Mwenye upungufu wa damu ana chembe chache, njia ni nyeupe, na mashine husoma juu kuliko ukweli. Mtoto mchanga, ambaye damu yake ni nzito kwa chembe, husomwa chini. Mashine bora hupitisha kwanza umeme unaogeuka-geuka ili kupima uzito huo na kusahihisha, lakini kila moja ina mipaka yake, nayo imeandikwa kwenye karatasi iliyomo kwenye boksi. Oksijeni pia bado ina neno kwenye stripu za glukosi oksidesi: inaponyemelea elektroni kabla ya mchukuzi, namba hushuka. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni nyingi anaweza kusomwa chini, na aliye na oksijeni kidogo akasomwa juu.

Unyevu na joto huharibu kwa njia mbili zinazokinzana. Kimeng'enya kikifa, namba hushuka. Mchukuzi akipokea elektroni kutoka kwenye unyevu na uchafu akiwa bado kwenye kichupa, atazikabidhi siku ya kupima kana kwamba zimetoka kwenye sukari, na namba itapanda. Huwezi kukisia ni lipi limetokea. Kile kifuniko kinachobana, chenye kikausha unyevu ndani, ni sehemu ya kipimo. Stripu zilizohamishiwa kwenye mfuko wa plastiki, au zilizopita tarehe yake, hazina wa kuzisemea.

Kisha yapo makosa yanayoua. Ili kuepuka usumbufu wa oksijeni, baadhi ya stripu zilitumia kimeng'enya kingine, glukosi dihaidrojenesi yenye kiambata kiitwacho PQQ. Oksijeni hakijali, lakini kinaipokea maltosi, sukari nyingine, kama glukosi. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kupitia tumbo kwa kimiminika chenye ikodekstrini, ambayo mwilini huvunjika kuwa maltosi, huwa na maltosi nyingi kwenye damu. Mashine ikasoma maltosi, ikaandika sukari ya juu, wakapewa insulini ilhali sukari yao halisi ilikuwa chini. Mwaka 2009 FDA ilitoa onyo ikitaja vifo 13 vilivyoripotiwa tangu 1997. Mashine hizo hazikuwa mbovu. Zilihesabu elektroni sawasawa. Elektroni ndizo zilizokuwa za sukari nyingine. Kwa hiyo mtu anayetibiwa kwa ikodekstrini, au anayedungwa vitamini C kwa wingi kwenye mshipa, amwambie anayempima na wasome kwa makini kile stripu inachokubali.

Namba tatu za mwanzo

Tuzirudie sasa. 148 ni miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 upate milimoli kwa lita: 8.2. Kumbe 7.8, 8.6 na 148 ni majirani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya asilimia 15 ya thamani halisi, ikiwa halisi ni milimoli 5.55 au zaidi. Kama sukari halisi ni 8.2, chochote kati ya 7.0 na 9.4 kinakubalika. Chini ya 5.55 ruhusa ni 0.83 juu au chini, kwa hiyo sukari halisi ya 4.0 inaweza kusomwa 3.2 au 4.8. Na hata mashine iliyofuzu inaruhusiwa kukosea nje ya hapo mara moja kati ya ishirini. Tofauti ya 0.8 kati ya vidole viwili si habari. Namba inayopingana na dalili za mwili ndiyo habari: mtu anatetemeka na kutoka jasho, mashine inasema 9, nawa mikono, rudia, na usiipuuze hali ya mtu kwa sababu ya kioo.

Maabara nayo hulaumiwa bure, au husifiwa bure. Maabara hupima plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, ambayo ina sukari takriban asilimia 11 zaidi ya damu nzima. Mashine za kisasa hubadilisha hesabu zenyewe ili zilingane nayo. Lakini damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, chembe zake zinaendelea kuila sukari, asilimia 5 hadi 7 kila saa. Baada ya kula, damu ya kidole huwa na sukari kuliko ya mshipa. Ukitaka kulinganisha, pima kwa kidole dakika ileile damu inapovutwa, ukiwa hujala.

Vihisi vinavyobandikwa mkononi kwa siku kadhaa vina kemia ileile kwenye uzi mwembamba uliozama chini ya ngozi. Vinasoma majimaji yaliyo kati ya seli, ambayo huifuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Ukiulalia mkono wenye kihisi, majimaji yanasongwa na kengele ya sukari ya chini inalia usiku bila sababu.

Na saa? Mapigo ya moyo yanasomwa kwa mwanga kwa sababu damu inayojaa na kupungua kwenye ngozi hubadilisha mwanga unaorudi kwa kiasi kinachopimika vizuri. Glukosi haina rangi, na mabadiliko yake humezwa na ya maji, jasho na joto. Elektroni zake, kwa upande wao, hazipiti kwenye ngozi nzima. Saa inayoonyesha sukari iliyotumwa na kihisi kilichozama mkononi ni sawa kabisa: hiyo ni kioo tu. Kuhusu jasho, sukari yake ni sehemu ndogo sana ya ile ya damu na huchanganyika na iliyoko juu ya ngozi. Lakteti ni nyingi kwenye jasho na ni rahisi kuipima, ila tezi za jasho hujitengenezea yake, kwa hiyo haisemi ukweli wa damu.

Molekuli zisizo na kimeng'enya

Kwa molekuli nyingine, mara nyingi kinachobadilishwa ni kitambuzi. Lakteti oksidesi hupima lakteti, yurikesi asidi ya yuriki. Kreatinini huhitaji vimeng'enya vitatu vinavyopokezana, na kwa kuwa kiasi chake kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya hakifiki milimoli 0.15 kwa lita, kila elektroni ya wizi hapo ina uzito kuliko kwenye sukari. Baadhi ya vihisi huongeza elektrodi ya pili isiyo na kimeng'enya, ili yote inayoyasoma yatolewe kwenye hesabu.

Kotisoli na dawa nyingi hazina kimeng'enya cha kuzinyang'anya elektroni kwa utaratibu huo. Kingamwili zinaweza kuzishika, lakini hapa udogo unauma: njia ya kawaida huibana molekuli kati ya kingamwili mbili, na molekuli ndogo haina nafasi ya kushikwa pande mbili. Ndipo inapokuja aptama, uzi mfupi wa DNA uliochaguliwa kwa kuwa unaikunjia molekuli inayotafutwa. Uzi hufungwa kwenye dhahabu kwa salfa, na ncha yake ya pili hubeba rangi iitwayo methilini bluu, inayopokea na kuachia elektroni. Dawa ikifika, uzi unajikunja, rangi inasogea karibu na dhahabu, na mkondo unabadilika. Dawa ikiondoka, uzi unakunjuka, tayari kupima tena.

Kinachozuia vihisi hivi kukaa muda mrefu mwilini ni kwamba kwenye damu hai protini huganda juu ya dhahabu na nyuzi hung'oka moja moja, saa baada ya saa. Mkondo hushuka, na kifaa, kwa kuwa kinahesabu elektroni tu, hakijui kama dawa imepungua au nyuzi zimeondoka. Watafiti huusoma mkondo kwa kasi mbili za mapigo ya umeme: moja ambapo dawa huupandisha, nyingine ambapo dawa huushusha. Nyuzi zinapong'oka, zote mbili hushuka pamoja, na tofauti kati yao ndiyo inayobaki kuisemea dawa.